Jicho Lililopasuliwa Hekaluni

Itumba, Ileje
11 Februari 2024

Dada Fides,

Barua yako mwanangu Aliko ameileta kutoka Tunduma, na mkewe Tumpale amenisomea. Nilimwambia arudie pale uliposema "hekaluni", nikidhani mkwe wangu amesoma vibaya. Akarudia. Hakusoma vibaya.

Basi ndiko ulikofika. Binti wa Mzee Yesaya, aliyelelewa kwa uji na Zaburi, leo anakaa kwenye ngazi za hekalu la Wahindu huko Dar es Salaam akitunga makoja ya maua ya kuvishwa sanamu lenye mkonga. Na kujipoteza peke yako hakukutosha. Unanialika na mimi nije nikakatwe jicho huko huko, ati kuna kambi ya macho, ati ni bure. Shetani naye hatozi kiingilio, Dada. Hulijui hilo?

Mimi nimeihubiri milima hii tangu nikiwa kijana. Mimi ndiye niliyevunja vyungu vya matambiko vya bibi yetu, yeye mwenyewe akitazama, na nchi nzima ikajua kwamba mzaha umekwisha. Leo nikavue viatu mbele ya ndovu wa mawe? Waumini wangu wakisikia watasema nini?

Macho yangu ni ya Bwana. Akitaka yaone, yataona. Wala sijapofuka kama unavyoambiwa na hao wambeya wako. Ni ukungu tu, na huku kwetu ukungu si jambo la ajabu.

Ungekuwa unasikia kwenye simu ningekupigia ukayapata haya kutoka mdomoni mwangu. Lakini masikio yako yameziba, nami sina budi kusemea kwenye karatasi.

Mdogo wako, kama bado unamtambua,
Mwinjilisti Sadoki

Shangazi, shikamoo. Hapa chini ni mimi Tumpale. Baba anadhani bado naandika anwani. Si ukungu, Shangazi. Wiki iliyopita alimsalimia mbuzi wa jirani yetu Osea akidhani ni Osea mwenyewe, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akakasirika kwa kutojibiwa. Kanisani anashika Biblia juu chini na kusoma kwa kukariri. Jana ameweka kiganja kwenye jiko la moto. Msisitize, hata akikutukana. Mke wa Osea, Bibi Tumaini, naye macho yanaelekea huko huko, na yeye hufuata lolote afanyalo Mwinjilisti.


Dar es Salaam
25 Februari 2024

Sadoki,

Umeandika kurasa mbili za matusi na hakuna hata mstari mmoja unaouliza kama niko hai. Niko hai.

Ndiyo, nauza maua. Muuza sanda haabudu maiti. Wahindu wananunua makoja yangu kwa ajili ya sanamu zao, Wakristo wananunua kwa ajili ya maharusi, na wote wananiamkia, kitu ambacho wewe kimekushinda.

Hekalu hilo unalolitukana bila kuliona lilijengwa baba yetu akiwa bado hajazaliwa. Mjini kati kote wamebomoa, wakapandisha maghorofa ya vioo hata jua tunaliona kwa zamu, lakini lenyewe lipo, na nguzo zake zilizochongwa, na mlango wake ambao haujafungwa mchana hata mara moja tangu nianze kukaa pale. Nyuma kuna ukumbi. Mara mbili kwa mwaka madaktari wanakuja hapo kupasua mtoto wa jicho. Hawamwulizi mtu dini yake. Wanauliza jicho gani.

Kuhusu vyungu vya Bibi, nilikuwepo. Bibi alikuwa hoi kitandani, hawezi hata kuinua kichwa kukuzuia. Ulikuwa shujaa kweli kweli siku ile. Kijana mzima, umeshinda vita dhidi ya vyungu.

Jina lako nimeliandikisha kwa kambi ya Aprili. Sitakubembeleza. Ukitaka kubaki huko usalimiane na giza, shauri lako.

Dada yako mkubwa,
Fides

Tumpale mwanangu, hapa usisome kwa sauti. Huyu namjua. Haogopi upofu, anaogopa kuchekwa. Mwambie kwamba waumini wameanza kucheka ile Biblia aliyoipindua. Utaona atakavyofunga mzigo.


Dar es Salaam
17 Aprili 2024

Mkwe wangu Tumpale,

Unauona mwandiko huu? Ni mkono wangu mwenyewe. Mistari imenyooka. Jicho la kulia limefunguka, nami nakuandikia kwa miwani ya kupewa, huku mvua ya Dar ikimwagika kama iliyoagizwa. Barua hii ukimaliza kuisoma itie motoni. Huko nyumbani wanajua nilikuja kumtazama dada mgonjwa, na iendelee kuwa hivyo.

Nikusimulie nilivyodhalilika. Tumefika kwenye lango, mzee mmoja wa Kihindi mwenye kikapu cha viatu akaniambia, "Karibu, baba. Viatu tunaacha hapa."

Nikamjibu, "Mimi ni mtumishi wa Mungu. Sivui viatu kwa sanamu."

Yule mzee akataka kusema kitu, lakini shangazi yako akamtangulia. Unajua anavyosema, kwa vile hajisikii mwenyewe. Mtaa mzima uligeuka. "Musa alivua! Wewe nani? Vua, Sadoki, vua, watu wanasubiri!" Nikavua. Soksi ilikuwa imetoboka kidoleni, na nina hakika kila mtu aliona isipokuwa mimi.

Kwenda ukumbini ni lazima upite ndani. Sakafu yao ni ya mawe ya baridi. Udi ulinikaba koo. Mbele niliona kitu kikubwa chenye rangi na mataa, sikujua ni kichwa au ni kabati, nikaanza kukemea kwa sauti, kwa Kindali ili shetani wa kigeni asipate pa kujitetea. Mara kengele yao ikalia. Nikapandisha sauti. Kengele ikanizidi. Shangazi yako alikuwa akinivuta mkono wakati wote kama anayeswaga ng'ombe aliyekataa daraja.

Ukumbini tulikuwa wengi. Mashehe walikuwepo, na mtawa mmoja, na Mmasai. Chakula chao sikula, ingawa harufu yake ilikuwa na kiburi. Wanawake wa Kihindi, wenye bangili mpaka kwenye viwiko, walitunawisha nyuso na kututia dawa. Aliyeninawisha mimi aliuliza, "Baba unaitwa nani?" Nikamwambia, "Mwinjilisti Sadoki." Akasema, "Basi Mwinjilisti, funga macho." Akanifuta kana kwamba mimi ni sahani.

Kesho yake wakatoa bandeji. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa dada. Nilidhani wameniletea mama yetu, marehemu. Fides amezeeka, Tumpale. Vidole vyake vimekuwa vya manjano kwa yale maua. Sikumwambia kitu, maana asingesikia.

Wakati wa kutoka nililitazama hekalu lao kwa jicho langu jipya, ili nilitazame vizuri na kulidharau kwa haki. Lile sanamu ni jiwe. Lina macho makubwa ya kuchorwa na halioni kitu, nami nilicheka mbele yake bila woga. Nguzo zimechongwa tausi na maua kutoka chini mpaka juu, hata sehemu ambazo hakuna mtu anayeweza kuziona. Waliozichonga walipoteza maisha yao kwa ustadi mkubwa. Nimekaa nikizitazama mpaka Fides akaja kunitafuta, lakini hiyo ni kwa sababu jicho lilikuwa linahitaji mazoezi.

Jicho la pili wamesema Septemba. Sikuwaambia asante. Ukimshukuru mtu wa namna hiyo, anadhani miungu yake imefanya kazi.

Baba yako,
Mwinjilisti Sadoki


Itumba, Ileje
20 Mei 2024

Shangazi Fides,

Shikamoo. Sasa naandika peke yangu, wala Baba hajui. Hanihitaji tena. Anajisomea na kujiandikia, na tangu aanze kujiandikia, mambo yameharibika.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi alipanda madhabahuni akafungua Biblia pale ilipofunguka, akasoma sura ambayo hajawahi kuikariri, akifuata mistari kwa kidole. Mchungaji wetu Samwel, ambaye unajua ni kijana na anapenda mambo makubwa, akaruka kutoka kwenye kiti: "Mzee huyu alikuwa haoni! Wapendwa, mzee huyu alikuwa haoni!" Vigelegele vikalipuka. Mchungaji akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Mwinjilisti, tuambie, Bwana amekutendea nini?"

Baba akanitafuta kwa lile jicho moja mpaka akaniona. Kisha akasema, "Bwana ameniondolea ukungu. Zaidi ya hapo msiniulize."

Ningemsamehe kwa hilo. Lakini waliuliza, Shangazi, naye akajibu. Wiki ya pili alikuwa amefunga na kuomba. Wiki ya tatu alikuwa amefunga mpaka akaanguka. Sasa watu wanapanda kutoka Isongole mpaka hapa nyumbani kuombewa, na Mchungaji anawapanga mstari. Dawa ya jicho mliyompa anakwenda kujidondoshea chooni, akijifungia, na akitoka na jicho linalochuruzika watu wanasema roho imemshukia.

Hata hilo ningelinyamazia. Ila Bibi Tumaini alikuwa amekubali kuja kwenye kambi ya Septemba. Nilimweleza kwa siri habari za kambi, bila kumtaja Baba, tukapanga. Majuzi ananiambia, "Mwanangu, nikakatwe kwa nini, na jirani yangu amepona kwa magoti?" Ameanza kufunga. Mwanamke wa umri ule, Shangazi, anashinda na maji matupu, na jioni anatambaa ukutani kutafuta mlango.

Aliko anasema ninyamaze. Zamani mkamwana hakuthubutu hata kukatiza njia aliyopita baba mkwe. Mimi nimvue nguo mbele ya kanisa? Lakini nikimwona akipita na Biblia yake kwapani, akipokea shikamoo za watu, chakula kinanikataa. Sikujua kwamba unaweza kumpikia mtu kila siku huku unamdharau hivi.

Mkwe wako,
Tumpale


Dar es Salaam
3 Juni 2024

Sadoki,

Nimesikia umekuwa nabii.

Usimtafute aliyeniambia. Barabara ya Tunduma ina magari mengi na kila gari lina mdomo.

Ulipowatukana watu hawa usoni nilikuvumilia. Nilisema, huyu ni mjinga lakini ana msimamo. Mama aliyekunawisha uso alinijia baadaye akiuliza, "Yule ndugu yako mkali anaendeleaje?" Nikamwambia unaendelea vizuri, akafurahi kama amepata mjukuu. Huyo ndiye umemwibia. Ungemkana kwa kuwa hukupona, sawa. Umepona ukamkana.

Na usijifiche nyuma ya Mungu. Kama unaamini ni yeye aliyeiongoza mikono ya daktari, ungemtaja daktari, maana hakuna aibu yoyote. Umemficha kwa sababu unajua unachofanya. Umemchukua Mungu ukamsimamisha mahakamani ashuhudie uongo wako.

Vyungu vya Bibi vilikuwa vitupu. Wewe una watu wanaokusikiliza. Tumaini mke wa Osea amelala na njaa kwa ajili ya jicho lako. Nenda kamwambie. Ni jirani, hata nauli haihitajiki.

Fides


Itumba, Ileje
23 Juni 2024

Dada,

Umeandika kama mtu asiyejua watu. Nikueleze.

Nikisimama leo niseme nimepona kwenye hekalu la Wahindu, hakuna atakayesikia neno "daktari". Watasikia "hekalu". Kesho yake mwenye homa ataniuliza, Mwinjilisti, lile sanamu lenye mkonga tunalipelekea nini? Nimetumia umri wangu wote kuwatoa watu kwenye vyungu, niwapeleke kwenye mawe? Bora wadhani ni maombi. Maombi hayamdhuru mtu.

Halafu unaniambia nimeiba. Niliomba nini kwa wale watu? Wewe ndiye uliyeandikisha jina langu. Mimi nililetwa.

Tumaini ni mtu mzima. Kufunga hakujaanza na mimi. Na ukweli ni kwamba tangu ushuhuda ule kanisa limejaa hadi madirishani, walevi wameacha, mtu na mkewe waliotengana wamerudiana hapo hapo mbele ya madhabahu. Wewe umetunga makoja. Mimi nimejaza nyumba ya Bwana. Tuone nani atakayekuwa na haya siku ya mwisho.

Septemba siji. Jicho moja linanitosha. Usinitafutie nafasi kwa watu wako.

Mwinjilisti Sadoki


Itumba, Ileje
18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechoka sana, utanisamehe mwandiko.

Jumamosi mchana tulikuwa tunapukuchua mahindi, Osea akaja mbio. Jicho la Bibi Tumaini lilikuwa limevimba, jekundu kama nyanya, kichwa kinampasuka, anatapika mpaka nyongo. Watu wakajaa uani. Mchungaji Samwel alikuwa amekwisha anzisha nyimbo. Osea akamshika Baba mkono: "Mwinjilisti, ni zamu yetu sasa. Omba."

Baba akaingia, mimi nyuma yake. Akaweka mkono kichwani mwa Bibi Tumaini. Naye Bibi akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili akasema, "Baba, omba yale maneno. Yale yale uliyoyaomba kwa jicho lako. Usibadilishe hata moja."

Baba aliinama akalitazama lile jicho kwa karibu, kwa jicho lake alilopewa, akalitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mgongo, akasema, "Tafuteni gari."

Mchungaji akasema, "Mwinjilisti, tuombe kwanza."

"Hakuna maneno," Baba akasema. "Tumaini, hakuna maneno. Mimi nilipasuliwa."

Nyimbo zikakatika. Osea akauliza, "Ulipasuliwa wapi?"

"Dar es Salaam. Kwenye hekalu la Wahindu. Daktari wao amenipasua, na nimelala chini ya paa lao. Sikufunga hata siku moja. Nilikula wali wa dada yangu."

Mchungaji akamsogelea akamnong'oneza, lakini sote tulisikia: "Mzee, maneno mengine si ya kusemwa mbele ya waumini." Shangazi, nilimwona kijana yule kama alivyo siku ile. Hakuuliza lolote juu ya jicho la mgonjwa.

Osea alitema mate chini, karibu na miguu ya Baba. Bibi Tumaini aliuachia mkono. Alisema tu, "Kwa hiyo nimekaa na njaa bure," akageukia ukutani.

Gari likapatikana, wakampeleka Mbeya. Baba alitaka kupanda, wakamfungia mlango. Alibaki barabarani na kofia mkononi, na watu waliokuwa wakimpanga mstari wakampita kila upande kama wanavyopita kisiki.

Hospitali wamesema mtoto wa jicho aliachwa akapevuka mno, jicho likavimba ndani. Jicho hilo limekwisha. Limebaki moja, nalo haliwezi kungoja sana.

Ungedhani ningefurahi kwamba amesema. Sikufurahi. Alichelewa.

Tumpale


Itumba, Ileje
1 Septemba 2024

Dada Fides,

Wazee wa kanisa wamekaa. Nimetengwa. Sipandi madhabahuni, sishiriki meza ya Bwana, nakaa benchi la nyuma pamoja na wenye kesi. Wanasema kosa langu ni kulala katika nyumba ya sanamu. Juu ya uongo hawakusema kitu, kwa sababu mavuno ya uongo ule waliyala pamoja nami. Nimewatazama mmoja mmoja na nimewadharau, kisha nikakumbuka kwamba niliwafundisha mimi.

Usidhani nimegeuka. Sanamu bado ni sanamu.

Lakini andikisha majina mawili. La kwanza liwe la Tumaini. Nimemwendea mlangoni kwake nikamwambia njia naijua. Osea alinigeuzia mgongo. Tumaini ndiye aliyejibu kutoka ndani. Alisema, "Kama njia anaijua, aende mbele kama mbwa, nami nitafuata. Ila asinishike."

Nimekubali.

Sadoki


Dar es Salaam
26 Septemba 2024

Mwanangu Tumpale,

Wamefika, wamepasuliwa wote wawili, wanakula. Hilo mwambie Osea kwanza, halafu endelea kusoma.

Niliwapokea stendi. Nilidhani umenieleza kwa kutia chumvi, kumbe hukutia. Tumaini hakukubali kuguswa na Sadoki tangu Itumba. Sadoki alishika ncha moja ya fimbo, Tumaini ncha nyingine, na hivyo ndivyo walivyovuka nchi, mzee mwenye jicho moja akitangulia na mwanamke akimsemesha kwa fimbo: akienda haraka anamvuta, akizubaa anamsukuma mgongoni. Utingo ameniambia njia nzima hawakusemezana, isipokuwa Sadoki alipomletea chai Makambako, Tumaini akaimwaga dirishani.

Langoni Sadoki alivua viatu bila kuambiwa. Alimtafuta yule mama aliyemnawisha mwaka huu mwanzoni, akasimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Yule mama akamtambua. "Mwinjilisti mkali! Umerudi?" Sadoki akasema, "Nilisahau kukushukuru." Mama wa watu akacheka, "Ulisahau tangu Aprili?" Akamjibu, "Hapana. Nilikataa." Basi yule mama akawa hajui aweke wapi uso, akampa kiti.

Tulipopita mbele ya sanamu Sadoki aligeuza kichwa upande. Mkaidi ni mkaidi, sikutegemea vingine. Tumaini akamwuliza, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake: "Liko namna gani?"

"Ni jiwe tu," Sadoki akasema.

"Jiwe angalau halijawahi kuniambia limefunga na kuomba."

Haya nimesimuliwa na mwenzangu muuza uvumba aliyekuwa nyuma yao, maana walikuwa bado wanasemezana Kiswahili. Baadaye Tumaini alihamia Kindali, na hapo hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi na Sadoki, na mimi masikio yangu unayajua.

Leo asubuhi bandeji zimetolewa. Walikuwa wameketi kwenye mabenchi yanayotazamana, Tumaini huku, Sadoki kule. Daktari, kijana wa Kihindi mwenye haraka, sauti kubwa na foleni ndefu, akaifungua ya Tumaini kwanza. Jicho likapepesa. Akatazama mikono yake mwenyewe, akatazama dari, akayatazama maghorofa dirishani. Halafu akamtazama Sadoki. Akabaki hapo.

"Bibi, unaona nini?" daktari akauliza.

Tumaini akasema kitu kwa Kindali. Nikaona midomo tu. Kilikuwa kifupi.

Daktari akageuka. "Amesemaje? Nani anaelewa lugha yake?"

Sikuweza kumsaidia. Watu wakatazamana. Sadoki alikuwa na nafasi ya kusema chochote, Tumpale. Angesema anaona mwanga, anaona watu, anamshukuru Mungu, na hakuna ambaye angejua. Alisimama, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa hata mimi nikasikia:

"Anasema anaona mwongo."

"Mwongo?" daktari akashangaa. "Mwongo yuko wapi?"

Sadoki akainua mkono, kama mwanafunzi anayeitika jina lake darasani.

Daktari akacheka, akidhani ni utani wa wazee. "Basi jicho limepona," akasema, akaandika kwenye kadi, akaenda kwa mgonjwa anayefuata.

Tumaini hakucheka. Sadoki naye hakucheka. Alibaki amesimama pale kwa muda na mkono wake juu, na yule mwanamke akaendelea kumtazama.

Shangazi yako,
Fides